Kihamba Chetu Mbele ya Mashine

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tumekwisha kuwaombea asubuhi. Taarifa ya hisa na mikopo ataisoma Katibu, na imechapwa humu kitabuni, kwa hiyo sitaigusa. Mimi nimepewa kazi nyingine. Kamati iliniita ikasema, Mama Mwenyekiti, wewe utazungumza juu ya hii akili mnemba, wengine wanaiita akili bandia, na biashara ya kahawa yetu inayokwenda nje. Nikasema hee! Jamani, mimi niliyeishia darasa la saba? Wakanijibu, wewe ndiye uliyeambiwa kihamba chako ni msitu, basi sema wewe.

Ni kweli. Niliambiwa hivyo, na aliyeniambia hakuwa mtu.

Ndugu Mgeni Rasmi, wageni wetu waliotoka mjini huenda hawakijui kihamba. Kihamba ni shamba la urithi linalozunguka nyumba, mpaka wake ni masale. Juu kabisa kuna miringaringa na migrivea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, na pembeni banda la ng'ombe. Maji yanakuja kwa mfongo. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tunavyolima. Ukisimama barabarani, nyumba yangu huioni. Sasa kama wewe uliye barabarani huioni, fikiria anayeangalia kutoka angani.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Sheria inasema bidhaa hizo, na vitu vinavyotengenezwa kutokana nazo, haziruhusiwi kuuzwa kwao endapo zimetoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu na msitu huo ukafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mimi siilaumu sheria yenyewe. Sisi tunaokunywa maji ya mlima huu tunajua msitu ukifyekwa kinachofuata ni nini. Lakini sheria inataka kila anayeingiza kahawa kule aonyeshe imetoka shamba gani. Si kijiji gani, shamba gani. Kwa mashamba madogo yasiyozidi hekta 4, na hapa hakuna mwenye hekta 4, inatosha alama moja ya mahali. Alama hiyo ni namba mbili, na kila namba ina tarakimu sita baada ya nukta.

Sheria ilikuwa ianze kutumika mwishoni mwa 2024. Ikaahirishwa. Mwishoni mwa 2025 ikaahirishwa tena, na kwa tarehe zilizowekwa Desemba 2025 ni 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, na 30 Juni 2027 kwa yale madogo. Najua wengine mlisema, basi imekufa hiyo. Haijafa. Wanunuzi walianza kukusanya namba za mashamba tangu 2024, kwa sababu watu wa Ulaya wanakunywa karibu theluthi moja ya kahawa yote ya dunia. Wajapani nao wanaipenda yetu, hata kahawa ya Tanzania kwao inaitwa kwa jina la mlima wetu, Kilimanjaro, lakini hakuna mnunuzi anayekubali kupoteza soko la Ulaya akabaki na lingine tu.

Sasa akili mnemba inaingia hapa. Wakulima wa kahawa duniani ni mamilioni, na hakuna ofisi yenye watu wa kutosha kutembelea kila kihamba. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kukagua imeachiwa mashine. Kuna setilaiti za Ulaya zinazopiga picha ardhi kila baada ya siku tano hivi, wingu likiruhusu, na huku kwetu mnajua wingu linavyoruhusu. Picha hizo ni za vidoto, kila kidoto ni mita 10 kwa mita 10. Kihamba cha nusu eka kinapata vidoto kama 20 tu. Mashine inafundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi sana: huu ni msitu, hili ni shamba, kama tunavyomfundisha mtoto, huyu mbuzi, huyu kondoo. Halafu inaachwa ikisie yenyewe. Mtaalamu mmoja wa ushirika alinifafanulia kwamba shamba la kahawa lililo wazi juani, kama yalivyo mengi ya Brazili, mashine inalitambua vizuri. Kahawa iliyojificha chini ya migomba na miringaringa inaichanganya. Inaona majani tu, inasema msitu.

Na hili si la kwetu peke yetu. Watafiti wa Umoja wa Ulaya walitoa ramani ya misitu ya dunia ya mwaka 2020, na watu wa nchi nyingi zinazolima kahawa na kakao chini ya miti walilalamika kwamba mashamba yao yamepakwa rangi ya msitu. Ramani ikarekebishwa, na wenyewe wanasema si lazima kuitumia. La kuchekesha, kama unaweza kucheka, ni kwamba sheria yenyewe inatamka kilimo cha mazao chini ya miti si msitu. Mtu akikaa akasoma sheria, kihamba kimepona. Lakini ile mashine haikusoma sheria, ilisoma picha.

Basi Agosti 2024 alikuja kijana na simu, ametumwa na mnunuzi mmoja ambaye jina lake siliweki hapa. Alisimama getini. Nikamkaribisha ndani aione kahawa, akasema haina haja mama. Akabonyeza, akaandika jina, akaenda kwa jirani. Baada ya wiki tatu karani wa chama cha msingi akaniita. Kwenye orodha, wanachama wanne na mimi wa tano, mashamba yetu yana rangi nyekundu. Maana yake shamba liko ndani ya msitu, kahawa yake iwekwe pembeni mpaka itolewe maelezo.

Kina mama, sikulala. Ule mwaka ndio kahawa ilianza kurudi kwenye heshima yake. Mnakumbuka miaka ya 1990 baba zetu waliing'oa wakapanda nyanya. Sasa bei ikawa inapanda, hata Februari 2025 huko New York ilipita dola 4 kwa ratili moja, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Na mimi ndiyo nimeambiwa nimefyeka msitu! Mahali ambapo mama mkwe wangu alikuwa anachuma kahawa mtoto mgongoni!

Nilikwenda kulalamika. Nikajibiwa, mama, mfumo ndivyo ulivyosema. Nikauliza mfumo anakaa wapi nikamwone. Wakacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa nataka nimsifu Mweka Hazina wetu. Wanachama wa zamani mnakumbuka mwaka 2021 tulipoanza kutunza hesabu kwenye simu. Wapo waliosema, nami nilikuwa mmoja wao, naungama mbele yenu, kwamba yale madaftari ya zamani yakawashie moto, yanajaza panya. Yeye akakataa. Akayatia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Nilipomsimulia habari ya rangi nyekundu alinyamaza kidogo, kisha akaenda chumbani akarudi na daftari la mwaka 2017. Akafungua mwezi Machi. Jina langu, mkopo Sh. 60,000/=, sababu ya mkopo: miche chotara ya kahawa 150. Sahihi yangu, mashahidi wawili. Mwaka 2018, mkopo wa dawa ya kutu ya majani. Mwaka 2019, mkopo wa mashine ya kumenyea kahawa, nikishirikiana na jirani. Yote hayo kabla ya tarehe 31 Desemba 2020.

Wale wenzangu wanne nao tuliwatafuta, tukawapata, kila mmoja na mkopo wake. Mmoja alikuwa na stakabadhi za chama cha msingi alizozihifadhi kwenye Biblia. Tukapeleka vyote kwa karani, vikapigwa picha, na safari hii akatumwa mtu aliyeingia shambani, akapiga picha kahawa yenyewe, shina na tawi, akachukua alama katikati ya kihamba, siyo getini. Majibu yalichukua karibu miezi miwili. Mashamba manne yakafunguliwa. La tano bado linabishaniwa mpaka leo ninapozungumza, kwa sababu mwenyewe alijiunga nasi mwaka 2020 na mkopo wake wa kwanza ulikuwa wa ada ya shule. Kahawa yake iliuzwa soko jingine kwa bei pungufu. (Mweka Hazina alisimama akapigiwa makofi.)

Naomba niseme na jambo la zile namba, maana ni dogo lakini linaumiza. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba yetu ya kwanza inaanza na alama ya kutoa. Mwanachama mmoja aliandikiwa namba zote sawasawa, ila ile alama ya kutoa ilisahauliwa. Kihamba chake kikahama. Kikaenda Kenya kaskazini, upande wa North Horr, kwenye jangwa la Chalbi, kwenye ngamia. Mashine haikushangaa kahawa kulimwa jangwani. Ilisema tu hapa hakuna shamba. Mtoto wa darasa la tano angeshangaa! Kwa hiyo nawaomba, anapokuja mtu na simu, mwambie aingie mpaka katikati ya kahawa, akuonyeshe zile namba, na uzinakili kwenye daftari lako pamoja na ile alama.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo baba zetu mtanisamehe. Au msinisamehe, lakini mnisikilize.

Yule kijana na simu aliuliza jina la mwenye shamba. Karibu kila nyumba likaandikwa jina la mwanaume. Huku kwetu kihamba kinarithiwa na mtoto wa kiume, hilo mnalijua, wala sikuja kulibishia leo pamoja na kwamba Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Lakini nani anachuma? Nani anamenya usiku na taa? Nani anaosha, nani anageuza kwenye vichanja mvua ikitishia? Zamani jina lilikuwa kwenye kitabu cha chama, na karani alimjua mama wa nyumba, akifika na debe lake akapokelewa. Sasa jina likiingia kwenye mfumo, pesa zinafuata jina. Mashine haimjui mama.

Mwenzetu mmoja, ameniruhusu kusimulia bila kumtaja, ni mjane. Siku ya kuandikishwa alikuwa hospitali na mtoto. Shemeji yake alikuwepo shambani, akaandikwa yeye. Simu ikaandikwa ya kwake. Msimu ulipofika huyu mama alipeleka kahawa yake kama miaka yote, ikapimwa, malipo yakaenda kwa shemeji. Alipouliza akaambiwa kihamba ni cha ukoo. Tulikaa vikao vitatu, wazee wa ukoo na kamati yetu, isale likatolewa, wakapatana. Jina likabadilishwa. Lakini pesa za msimu ule alirudishiwa nusu tu, na kijana wake alichelewa muhula mmoja kwenda chuo. Siwezi kusema mashine ilimdhulumu. Dhuluma ilikuwepo, ila mashine iliipigia muhuri.

Ndiyo maana kamati imeamua, na leo tunalitangaza mbele ya Mgeni Rasmi, kwamba kila mwanachama mwenye mume azungumze nyumbani waandikishwe majina yote mawili, na malipo yagawanywe au yaingie kwenye namba waliyokubaliana wote. Wajane waandikishwe kwa majina yao. Nimekwenda kwa mume wangu wa kwanza, akakaa siku mbili bila kunijibu. Siku ya tatu akasema, basi andika. Yuko hapa, mwulizeni.

Wengine mtasema, kama mambo yenyewe ndiyo haya tuiache hiyo akili mnemba. Hatuwezi. Hata tukiiacha, kahawa yetu haitaachwa nayo. Mwaka 2025 Shirika la Biashara Duniani, ambalo mkuu wake tangu 2021 ni mama mwenzetu wa Nigeria, Ngozi Okonjo-Iweala, lilitoa ripoti ikisema akili mnemba inaweza kuongeza thamani ya biashara kati ya nchi na nchi kwa karibu asilimia 40 ifikapo mwaka 2040. Ripoti hiyo hiyo inaonya kwamba nchi zisizo na umeme, mtandao na mafunzo zitapata kidogo. Babu zetu mwaka 1925 walianzisha chama cha wakulima wa kahawa kwa sababu walowezi hawakutaka Mwafrika alime zao hilo, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu, KNCU. Walikuwa hawajui biashara ya London. Walijifunza.

Na faida ipo, nisiwe kama ninayelalamika tu. Chukueni tafsiri. Mwalimu wa semina alituambia kwamba mwaka 2014 soko la mtandaoni la Marekani liitwalo eBay liliweka mashine ya kutafsiri kwa wateja wa Amerika ya Kilatini wanaosema Kihispania, na wachumi walipopima waliona mauzo ya Wamarekani kwenda huko yameongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa tafsiri tu! Sisi wenyewe mwaka jana mgeni mmoja Mjerumani, mwenye kikaango chake kidogo cha kahawa, alipita kijijini akaonja, akarudi kwao. Tumeandikiana naye kwa simu ya mjukuu wangu, sisi kwa Kiswahili, yeye kwa Kijerumani. Mara ya kwanza tulimwandikia kwamba kahawa yetu ni kavu na bado ina ganda lake la ndani. Simu ikatafsiri kana kwamba tunauza makapi. Akajibu kwa upole sana kwamba makapi hahitaji. Tulicheka mpaka machozi, tukaandika upya kwa maneno marefu, akaelewa. Msidhani tutamfungia gunia tukaliweka posta. Kusafirisha kahawa nje kunataka leseni ya Bodi ya Kahawa, na tunapitia ushirika. Lakini sasa tunajua yeye anataka nini, na analalamikia nini. Zamani aliyejua hayo ni dalali peke yake.

Tafsiri hiyo hiyo ina meno. Zamani barua ya tapeli tuliitambua kwa Kiswahili chake kibovu. Siku hizi mashine inamwandikia Kiswahili safi kuliko changu. Mwanachama mmoja aliletewa ujumbe mzuri, una nembo, unasema atume Sh. 180,000/= za usajili wa soko la Ulaya. Akatuma. Hakuna ada ya namna hiyo iliyopitia kwetu, na ikiletwa tena, leteni kwenye kikao kwanza, hata kama ina sauti ya mtu mnayemfahamu. Sauti nazo zinaigizwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili tu. La kwanza, tumenunua simu moja nzuri kwa mfuko wa jamii, Sh. 420,000/=, na mabinti wawili wa wanachama wamejitolea kuchukua alama za vihamba vyetu vyote upya, kwa kuingia shambani. Tunaomba ofisi yako iongee na wanunuzi wazipokee namba zetu. La pili, mtandao unapatikana pale kwenye kona ya kanisa tu. Ukisimama hatua mbili pembeni unakatika. Tunaomba mnara.

Baada ya chakula Mweka Hazina atakaa chini ya ule mparachichi na lile sanduku la bati. Mwenye stakabadhi ya zamani ya kahawa, hata iliyoliwa na mende, alete iandikwe. Wale mliojiunga 2020 na baadaye, leteni za mama wakwe zenu. Yule mwenzetu wa tano, stakabadhi za mama mkwe wake za mwaka 1998 zimepatikana juzi kwenye paa la jiko, zimejaa moshi lakini namba inasomeka, na Jumatatu tunazipeleka kwa karani.

Karibuni mbege na machalari.